Maturubai ya Upande wa Upepo

Jumatatu, 2/6
Jua. Upepo wa kawaida.

Bosi ameniagiza niandike hali ya hewa kila siku mpaka mbao zitakapoondoka. Mwaka jana zilipopasuka, kila mtu alikuwa na upepo wake mdomoni na hakuna aliyekumbuka ulivuma lini. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini kuandika ninaweza. Tatizo langu ni kwamba nikianza siachi, na hapa naona hali ya hewa imeshakwisha na mkono bado unakwenda.

Leo wamemaliza kupasua yale magogo mekundu. Mbao zake ni nzito kama deni na mbichi kabisa, ukiweka kiganja kinatoka na maji. Ni za mama mmoja mwenye karakana ya milango, amepewa kazi ya milango ya chuo cha wauguzi. Yeye ana tanuri lake la kukaushia, ila haliwezi kupokea mbao mbichi hivi. Maji ya kwanza lazima yatoke hapa kwetu, kivulini, polepole, mpaka mwezi wa nane. Anachotaka ni kimoja: asione ufa.

Bosi aliniita mbele ya watu wote akasema rundo hili ni langu. Likitoka salama nitakuwa msimamizi wa ukaushaji, na chumba cha nyuma ya banda kitakuwa changu. Sasa hivi tunalala wanaume watano kwenye stoo ya misumari, na mmoja wetu anakoroma mpaka bati linaitikia. Chumba kile kina mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mke wangu na binti yetu wanaweza kuja. Mtoto nilimwacha anatambaa, siku hizi naambiwa anabishana.

Shida ni kwamba chumba kina mtu. Msimamizi wa mwaka jana bado anakaa humo, mzee tunayemwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake. Rundo lake ndilo lililopasuka. Amehamishiwa kunoa misumeno, na chumba anakikalia mpaka ijulikane langu limetokaje. Likitoka vizuri, anahama. Haya yote bosi aliyasema Msasa akiwa amesimama pale pale na tupa mkononi.

Msasa alinipa mkono. Akaniambia dirisha la chumba halifungi vizuri, nitafute karatasi mapema.

Jumanne, 3/6
Jua, upepo mdogo.

Kutwa nzima kupanga rundo bandani. Chini matofali, juu yake mbao safu ya kwanza, halafu fito nyembamba za kuzitenganisha ili hewa ipite, halafu safu ya pili, hivyo hivyo mpaka kimo cha kifua. Fito lazima zisimame moja juu ya nyingine, mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao inakauka imepinda kama mgongo wa paka. Ncha zote nimezipaka nta, kwa sababu maji hukimbilia nchani, na nchani ndipo ufa huanzia. Juu kabisa nimeweka vipande vya zege na kukaza kamba.

Msasa alipita akasema ufito wangu wa tatu umelewa. Nikajifanya sikusikia. Alipoondoka nikapima. Ulikuwa umelewa, upana wa kidole. Nikaurekebisha nikiwa nimeipa mgongo karakana yake ya kunolea.

Alhamisi, 5/6
Mawingu asubuhi, jua mchana.

Nimegombana na Msasa. Alikuja akaanza kusukuma mkono katikati ya mbao, huku na huku, kama daktari anayetafuta bandama. Akasema nimeliweka rundo karibu mno na ukuta. Mimi nilikuwa sijalala vizuri, nikamwambia, “Mzee, hili ni langu. Nikikuhitaji nitakuita.”

Alitoa mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali. “Sawa, bwana mdogo. Utaniita.”

Tangu hapo ni shikamoo na marahaba, basi.

Usiku nimefikiri ningeweza kusema vile vile kwa maneno mengine. Lakini hata yeye mwaka jana hakuwa na mtu wa kumshika mkono, na zikapasuka.

Jumatatu, 9/6
Jua. Upepo mdogo. Hakuna jipya.

Jumamosi, 14/6
Jua kali.

Nimempigia mke wangu kwa simu ya mama wa chai, maana yangu imekufa kioo. Mama wa chai hakukaa mbali, alijifanya anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Nimemweleza mke wangu habari za chumba. Aliuliza kina madirisha mangapi, choo kiko umbali gani, na kama jirani ni mtu wa pombe. Nikamwambia hakuna jirani, nyuma ni uzio. Akauliza anayekaa humo sasa atakwenda wapi. Nikasema ana dada yake mahali fulani. Sijui kama ana dada.

Alisema ataanza kuulizia nauli. Nikamwambia asubiri kidogo, mbao bado. Akacheka, akaniambia hajawahi kusikia mwanamume anayeita mke wake kulingana na mbao.

Ijumaa, 20/6
Upepo umeanza. Unatoka upande wa barabara, mkavu, una vumbi.

Huu ndio upepo wa mwaka jana, kila mtu anasema. Mbao ikipigwa na upepo kama huu, ngozi ya nje hunywea haraka, ndani bado pamelowa, na ngozi ikikosa nafasi inapasuka. Nimeomba maturubai mawili, nimeyatundika upande wa upepo kuanzia bati mpaka chini, nimeyafunga kwa kamba mafundo mawili mawili. Upande wa pili kuna ukuta. Sasa rundo limejifungia kama mgonjwa wa homa.

Nimeenda kulitazama mara nyingi hata wenzangu wananiuliza kama limezaa.

Jumatatu, 23/6
Upepo. Maturubai yanapigapiga. Nimeongeza kamba.

Ijumaa, 27/6
Upepo mkali.

Jioni nimefungua upenyo kidogo nikaingiza mkono. Ndani kuna joto, na harufu kama ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Kwenye mbao za katikati nimeona vidoa vya ukungu, vya kijivu, na vingine vina manyoya.

Bosi akija akiona? Nimechukua kitambaa nikafuta nilivyoweza kufikia, kisha nikafunga tena haraka kwa sababu upepo ulikuwa unaingia kifuani kwangu na moja kwa moja kwenye mbao. Ukungu unafutika. Ufa haufutiki. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumanne, 1/7
Upepo mkali kuanzia saa nne asubuhi.

Nimekwenda jioni kukagua nikakuta fundo la turubai si langu. Mimi nafunga mara mbili, nakaza, mpaka wakati mwingine nafungua kwa meno. Hili lilikuwa fundo la kuvuta, ukishika ncha moja linaachia lote. Turubai limefungwa vizuri, hakuna kilichoibwa. Lakini mtu amelifungua, akalifunga.

Nimelifunga upya mafundo matatu.

Jumatano, 2/7
Upepo. Jioni nimekuta tena fundo la kuvuta.

Ijumaa, 4/7
Upepo, vumbi jingi.

Fundo la kuvuta tena. Niko kwenye msumeno mkubwa tangu asubuhi mpaka saa tisa, na kutoka huko banda halionekani, limezibwa na marundo mengine. Mtu yeyote anaweza kufanya anachotaka.

Lakini nani mwingine? Fundo lile ni la mtu aliyefunga mizigo miaka mingi, na rundo likipasuka kuna mtu mmoja tu anayebaki na chumba chake. Nimemuuliza mama wa chai, ambaye meza yake inatazama lango. Akasema asubuhi mapema anamwona Msasa akielekea mabandani, lakini kwake ndiko huko, ataelekea wapi, mbinguni? Kisha akaniambia nimekonda, na mbao zinakauka lakini kuna mtu anazitangulia.

Jambo moja zuri: ukungu haujaongezeka. Ule niliofuta haukurudi, na ule ambao sikuufikia umekauka wenyewe, unapukutika kama unga. Nadhani niliuwahi mapema.

Jumatatu, 7/7
Upepo. Fundo. Nimemsalimia Msasa, ameitikia. Nilimtazama mikono.

Jumatano, 9/7
Upepo mkali kuliko siku zote. Nitaandika yote.

Leo sikuwekwa kwenye msumeno. Nimepelekwa jukwaa la kupakilia, na kutoka pale juu banda linaonekana lote. Saa nne, nilipopanda na mzigo wa kwanza, nililitazama. Maturubai yote mawili yalikuwa yamekunjwa juu, yamefungwa pembeni kama mapazia ya ukumbi. Rundo lilikuwa wazi upande mzima wa upepo. Vumbi lilikuwa linaingia katikati ya fito, nililiona linavyopita na kutokea nyuma.

Nilishuka ngazi mbili. Kisha nikasimama.

Bosi alikuwa amesema jana kwamba leo mchana atakuja na yule mama wa milango amwonyeshe rundo. Nikafikiri, nikifunga sasa, kesho litafunguliwa tena, na nikienda kumshtaki Msasa atasema fundo ni fundo. Lakini bosi akija akalikuta wazi kwa macho yake, siku ya upepo kama huu, hakutakuwa na maneno. Saa moja au mbili haziui mbao. Ndivyo nilivyojiambia.

Nikarudi jukwaani. Nikapakia. Kila nikigeuka nililiona rundo pale. Saa sita bosi hajafika. Saa saba nilikunywa chai na sikuihisi mdomoni. Mwenzangu alinisemesha mara mbili, akaniuliza kama nimepoteza mtu. Saa nane upepo ulizidi, ukaangusha ndoo tupu ikajiviringisha mpaka langoni, na mimi bado nilikuwa nimesimama nikitazama barabara kama mtu anayengoja basi. Nilikwisha kukaa sana kiasi kwamba kushuka kungekuwa kukubali kwamba nimekaa.

Saa kumi karani akasema bosi amepiga simu, haji tena, ni mpaka wiki ijayo.

Ndipo niliposhuka. Nilifunga maturubai yote mawili. Fundo halikukaza.

Jua linatua Msasa akaingia langoni mbio. Kumbe tangu saa mbili bosi alikuwa amemtuma mjini kupeleka misumeno ikachomelewe, na gari la kurudi likaharibika. Hakwenda chumbani kwake. Alikuja moja kwa moja bandani anahema, shati limelowa, akakuta pamefungwa. Akashika turubai kwa viganja vyote viwili.

“Nani kafunga?”

“Mimi.”

“Saa ngapi?”

“Nilipoona liko wazi, nilifunga.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema ahsante. Akaenda zake polepole.

Mtu anayetaka kukuharibia haji mbio kufunika. Ningeweza kumuuliza. Sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ningejua.

Alhamisi, 10/7
Upepo umepungua. Fundo ni langu, halikuguswa.

Jumatatu, 14/7
Upepo kiasi. Nimepitisha kidole ukingoni mwa mbao ya nje. Kuna kitu kama unywele. Nimejiambia ni mkwaruzo wa msumeno. Sikutazama tena.

Bosi amekuja na yule mama wa milango, wameangalia kwa nje tu, wamefurahi. Bosi alinipiga begani. Hakuna aliyegusa fundo tangu siku ile.

Jumamosi, 19/7
Mawingu.

Mke wangu ameuza kitanda. Amesema hawezi kusafiri na kitanda, na huku tutanunua kingine. Nilitaka kumwambia angesubiri. Nikamwambia amefanya vizuri.

Jumatatu, 28/7
Jua, upepo mdogo.

Rundo limeshuka. Mbao zinaponywea kila moja inapungua kidogo, na zikiwa nyingi unaona kabisa, kamba zimelegea na zege limekaa chini ya alama niliyochora kwa mkaa ukutani siku ya kupanga. Nimekaza kamba. Zamani ningefurahi. Leo nilikuwa nawaza tu kwamba kinachopungua ni siku zangu.

Naota mlio. Tik, kama kucha inavyovunjika. Naamka nasikiliza, ni yule mwenzetu anakoroma.

Jumanne, 5/8
Jua. Hakuna upepo.

Tumelifungua rundo. Mama wa milango alikuja na kifaa chake chenye sindano mbili, anachokidunga kwenye mbao kinamwambia maji yaliyobaki. Alianzia upande wa ukuta. Mbao za huko zimenyooka, nyekundu safi, kifaa kikamridhisha, akasema hajapata mbao zilizokaushwa kwa hewa vizuri hivi kwa muda mrefu. Bosi alikuwa anatabasamu kama aliyezikausha kwa pumzi zake.

Kisha tukageuza zile za upande wa upepo.

Ya kwanza niliinua mimi. Usoni ina nyufa nyembamba, nyingi, zimefuatana kama mvua iliyochorwa na mtoto. Ya pili hivyo hivyo. Mama wa milango aliimwagia mbao maji kidogo na kutazama nyufa zinavyoyanywa, akaingiza wembe kupima kina. Baadhi akasema randa itaziondoa. Nyingi randa haitafika. Mwisho wa yote, mbao nzuri hazitoshi milango ya chuo chote. Atachukua zilizo nzima, na kwa zilizobaki anampa bosi nafasi moja ya kupasua magogo mengine, akichelewesha kazi yake mwenyewe. Alisema kwa adabu, na adabu yake ilituumiza zaidi.

Bosi alingoja gari lake litoke. Kisha akauliza kwa nini upande mmoja tu. Akaomba daftari la hali ya hewa. Nimemnakilia siku na upepo wake kwenye karatasi, haya mengine yamebaki kwangu. Akaweka kidole tarehe 9. Akauliza siku ile maturubai yalikuwaje. Nikasema niliyafunga. Ni kweli, niliyafunga.

Akasema kesho asubuhi anataka jibu.

Jumatano, 6/8
Jua.

Sikuhitaji kujibu. Msasa alijibu.

Alikuja akiwa amevaa shati safi. Akamwambia bosi kwamba mbao zile alizifungua yeye. Mwezi wa sita aliingiza mkono akakuta zinaoza kwa joto, zimefungwa kila upande na ukuta nyuma, ukungu umeshaota manyoya. Akaona zikiachwa vile zitaharibika rangi zote. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya jua kupanda alikuwa anakunja maturubai ili ile hewa ya baridi, isiyo na haraka, ipite katikati. Ikifika saa tatu, kabla upepo mkavu haujaanza, anafunga. Kila siku. Bosi akamuuliza kwa nini hakumwambia mwenye rundo.

“Mwenye rundo aliniambia ataniita,” akasema Msasa. “Nikangoja aniite.”

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Akaendelea kwamba tarehe 9 alifungua kama kawaida, halafu saa mbili akatumwa mjini. Alidhani atarudi mapema. Hakumwachia mtu neno kwa sababu ingebidi aniachie mimi. Nyufa zile ni za saa zile. Kisha akanionyesha kwa kidevu.

“Huyu msimlaumu. Yeye alifunga pale alipoona.”

Bosi alinitazama. Nilitazama tupa iliyokuwa mfukoni mwa Msasa. Hakuna aliyeniuliza swali.

Bosi akasema ni mwaka wa pili sasa, amechoka. Msasa aache chumba Jumamosi, na kazi ya kunoa atampa mtu mwingine mwezi ukiisha. Mimi nitapewa mbao za magogo mapya. Chumba ni changu.

Alhamisi, 7/8
Sijasema.

Ijumaa, 8/8
Jua. Mama wa chai amenipongeza, akanipa chai bila hela, akaniuliza mbona uso kama wa msibani. Mke wangu amepiga kwake asubuhi kuacha ujumbe: begi limejaa, anangoja neno langu tu.

Jumamosi, 9/8
Sikumbuki hali ya hewa.

Msasa aliniita nimsaidie kutoa kitanda. Ndiyo, aliniita mimi, maana wengine walikuwa wamepewa mapumziko. Ndani mwake mlikuwa na sanduku, ndoo, picha ya mwanamke iliyokatwa kwenye kalenda, na kitanda cha mbao alichokitengeneza humo humo ndani miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo hakipiti mlangoni. Alikisimamisha, akakilaza ubavu, akakitanguliza miguu. Yeye alikuwa ndani anasukuma, mimi niko nje navuta, na kitanda kimekwama katikati, hakiendi wala hakirudi. Alianza kucheka. Akasema alikitengeneza akidhani atatolewa yeye kabla ya kitanda.

Nikamuuliza dada yake anakaa mbali? Akauliza dada gani.

Nilisema hapo hapo, mguu wa kitanda ukiwa umeniegemea kifuani.

“Mzee, tarehe 9 niliona tangu saa nne.”

Hakuelewa. “Uliona nini?”

“Turubai. Nilikuwa jukwaani. Niliona liko wazi tangu saa nne.”

“Ukafunga saa ngapi?”

“Saa kumi.”

Kitanda kilikuwa kimemficha, nilimwona mkono mmoja tu umeshika ubao. Ulikaa pale. Nikaeleza kwamba nilikuwa namngoja bosi aje amkamate. Nikaeleza kwamba nilidhani anaharibu. Nilieleza mengi, na kila nililoeleza lilitoka dogo kuliko nilivyolibeba.

Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini kabisa. “Mbao zimekaa uchi saa sita nzima, na wewe unazitazama?”

“Ndiyo.”

“Siyo mimi. Sahau mimi. Mbao.”

Niliushika mguu wa kitanda kwa mikono miwili.

“Sukuma,” akasema. “Kirudi ndani.”

Tukakirudisha. Kilirudi kwa urahisi, sijui kwa nini. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akaanza kutembea kuelekea ofisini bila kunitazama kama nafuata. Nilifuata.

Bosi nilimwambia mwenyewe, Msasa akiwa amesimama pembeni. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa muda wote ule alikuwa na watu wawili wanaojua nusu nusu, na wote wawili aliwalipa yeye. Magogo mapya atayasimamia Msasa. Mimi nitabeba, nitapanga, nitafunika nikiambiwa funika. Hajanifukuza kwa sababu mbao ni nzito na mgongo wangu ni mzima, alisema hivyo hivyo.

Msasa hajanisemesha tangu hapo. Hata shikamoo yangu anaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 10/8
Jua, upepo mdogo. Nilikwenda mpaka kwa mama wa chai kupiga simu, nikarudi bila kupiga.

Jumatano, 13/8
Mawingu mepesi. Tumepanga safu za kwanza za mbao za magogo mapya, mbali na ukuta. Msasa anaonyesha kwa kidole, mimi naweka. Ufito mmoja niliuweka vibaya akaniacha nimalize safu nzima juu yake, kisha akanionyesha kwamba nivunje nianze upya. Nilivunja nikaanza upya.

Jioni nimempigia mke wangu.

Nilimwambia chumba hakipo. Nikamwambia kwa nini, yote, kuanzia ukungu mpaka kitanda. Mama wa chai alikuwa na vikombe vyake lakini safari hii hakujifanya kuvipanga, alikaa chini. Mke wangu hakunikatiza hata mara moja, na si kawaida yake. Nilipomaliza nilisikia mtoto anaongea nyuma yake, anaeleza kitu kirefu kwa mtu mwingine.

Kisha akasema, “Baba watoto, upepo umenieleza, na maturubai umenieleza. Ulipokuwa umesimama pale juu unatazama, ulikuwa unafikiria nini?”

“Nilikuwa nakufikiria wewe. Wewe na mtoto.”

“Hapana,” akasema. “Mimi usinitie humo.”

Nilitaka kumwuliza kama bado atakuja, kama begi amelifungua, kama watalala wapi sasa na kitanda kimeuzwa. Nikamuuliza huko kuna mvua. Akasema bado, ila mawingu yameshuka na nguo ziko nje, ngoja akazianue.